Visanduku Tisa vya Tabia: Mpime Mtu Kabla ya Kumkabidhi Ufunguo

Pamba ikishavunwa, kuanzia Mei na Juni, watu wa Nassa, wilayani Busega, huingia katika msimu wa kuaminiana kwa lazima. AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inataka karani wa mizani. Kikoba kinachagua mweka hazina. Mwenye mtumbwi anatafuta nahodha wa kumwachia nyavu, na mkutano wa kitongoji unatafuta kamanda wa sungusungu. Jina likitajwa, mtu husimama na kusema, "Huyo namjua, hana shida," na mikono inanyooshwa.

Shida huonekana baadaye. Mweka hazina hakuiba hata shilingi, lakini alimnyima mkopo mama mwenye mtoto mahututi kwa sababu fomu ilipungukiwa saini moja. Au kinyume chake: alimkopesha kila aliyelia mbele yake, na siku ya kugawana sanduku likakutwa limejaa karatasi za madeni. Wote wawili walipitishwa kwa sifa ileile. Mkutano ulichanganya mambo mawili: kama mtu hufuata utaratibu, na kama mtu hujali wenzake. Mawili hayo hayatembei pamoja siku zote. Mwongozo huu utakusaidia kuyatenganisha kabla hujanyoosha mkono, na chombo tutakachotumia kimetoka kwenye mchezo.

Mchezo uliotuletea visanduku

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji hukaa mezani, mmoja anasimulia hali ilivyo, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, kisha dadu inaamua kama wamefaulu. Kila mhusika ana karatasi yake, na kwenye karatasi hiyo huandikwa mwelekeo wake wa kimaadili.

Mwanzoni pande zilikuwa tatu tu: Sheria, Vurugu na Katikati. Zilifanana zaidi na Bagika na Bagalu, pande mbili zinazoshindana kwenye ngoma za Usukuma: ukijua fulani yuko upande gani, bado hujajua kama ni mtu wa kumkopesha ng'ombe. Februari 1976 Gygax aliandika makala katika jarida la The Strategic Review akaongeza kipimo cha pili, cha wema na uovu. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kikatoka na mielekeo tisa. Hata huko haikutulia. Toleo la nne, mwaka 2008, liliipunguza ikabaki mitano. La tano, mwaka 2014, likairudisha tisa. Wachezaji wenyewe hawajaacha kubishana nani aingie wapi. Kwa hiyo vichukulie visanduku hivi kama debe la kupimia mahindi sokoni: unapata makadirio ya haraka, hupati kilo. Kwenye jedwali hili, wa Sheria tumemwita mshika kanuni, na wa Vurugu asiyefungika.

| | Mwema | Katikati | Mwovu |
|---|---|---|---|
| Mshika kanuni | 1. Mshika kanuni mwema | 4. Mshika kanuni tu | 7. Mshika kanuni mwovu |
| Katikati | 2. Mwema tu | 5. Wa katikati kabisa | 8. Mwovu tu |
| Asiyefungika | 3. Asiyefungika mwema | 6. Asiyefungika tu | 9. Asiyefungika mwovu |

Hatua ya kwanza: uliza kanuni ni za nani

Wengi wanaotumia chombo hiki hukosea hapa, na Usukumani kukosea ni rahisi zaidi. Mchezo ulibuniwa kana kwamba sheria ni moja. Nassa hakuna anayeishi chini ya sheria moja. Zipo sheria za nchi na sheria ndogo za Halmashauri ya Busega, wilaya iliyomegwa kutoka Magu mwaka 2012 mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa. Ipo katiba ya kikoba au ya AMCOS. Upo utaratibu wa kanisa, na hapa ni wa siku nyingi: kituo cha misheni cha Nassa kilitoka mikononi mwa Church Missionary Society (CMS) kwenda Africa Inland Mission (AIM) mwaka 1909. Yapo maneno ya wazee wa ukoo. Halafu ipo sungusungu.

Iangalie sungusungu kwa makini, maana inaonyesha kwa nini hatua hii hairukwi. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kahama na Nzega, watu wakiwa wamechoshwa na wezi wa ng'ombe na polisi wako mbali, ikaenea Usukuma na Unyamwezi kote. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa usiku, kila mwanamume mwenye nguvu anatoka na upinde na filimbi. Asiyetoka anatozwa faini. Mkaidi anatengwa: hasalimiwi, hapewi moto wala maji, akifiwa anazika mwenyewe. Kwa miaka kadhaa mambo hayo yalifanyika bila sheria ya nchi kuyatambua, hadi marekebisho ya sheria ya mgambo ya mwaka 1989.

Sasa mchukue kamanda wa sungusungu wa mwaka 1983. Aliitikia kila mwano, alitoza faini bila upendeleo, kila ng'ombe aliyerudishwa alihesabiwa mbele ya watu. Je, ni mshika kanuni au asiyefungika? Mbele ya hakimu alikuwa anafanya kazi ambayo hakuna sheria iliyompa. Kijijini kwake hapakuwa na mtu aliyeshika kanuni kumzidi. Na yule jirani aliyebaki kitandani akisema kukamata wezi ni kazi ya polisi, alikuwa mtii wa serikali au mvunjaji wa kanuni ya kijiji? Maswali hayo hayajibiki mpaka useme kwanza unapima kwa kanuni zipi. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Andika kazi unayotaka kumpa mtu. Moja tu.
2. Andika kanuni zinazoiongoza kazi hiyo, za serikali, za kikundi na za mila.
3. Zinapogongana, amua ipi inatangulia, na uamue kabla ya kutaja jina la mtu yeyote. Kwenye fedha za kikundi, katiba ya kikundi na sheria ya nchi hutangulia udugu. Kwa mwizi aliyekamatwa, sheria ya nchi hutangulia hasira ya umati. Kumpiga mpaka afe ni mauaji, filimbi iwe imepulizwa au haikupulizwa.
4. Ndipo uulize: mtu huyu huzishika kanuni hizi, huzishika zikimfaa, au hazimbani kabisa?

Jihadhari na anayezijua kanuni za wenzake tu. Mshika kanuni wa kweli unamjua siku kanuni inapomkata yeye. Amechelewa kikaoni, anatoa faini mfukoni kabla hajaombwa, anakaa.

Hatua ya pili: tazama nani analipa gharama

Kwenye wema na uovu watu hudanganywa na sauti. Anayepiga goti kuwasalimia wazee, anayesema "mwangaluka" kwa kila anayepita, anayeongoza sala msibani, tunamwandikia wema papo hapo. Adabu ni jambo jema lakini haipimi kitu tunachokitafuta.

Uliza swali moja: uamuzi wake ulipogharimu, gharama aliibeba nani?

- Mwema hubeba sehemu yake mwenyewe, hata anayenufaika akiwa si wa ukoo wake.
- Wa katikati hubeba kwa ajili ya ndugu na rafiki. Kwa wengine atakwambia si kazi yake, na hana kinyongo.
- Mwovu huwatwisha wengine, na anajua anachokifanya.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Aliyekuharibia kwa kutojua anahitaji kuelekezwa, hajaingia safu ya waovu. Na ukarimu kwa ndugu usiuhesabu. Kwetu anayemnyima shemeji yake chakula ni nadra kiasi kwamba anayempa hajatuonyesha lolote.

Mizani moja, makarani tisa

Ili uone visanduku vinavyofanya kazi, simama nami kwenye kituo cha kununulia pamba, saa kumi alasiri. Foleni ni ndefu, lori la kiwandani linaondoka jioni. Mama mjane ameleta mafurushi matatu. Mawili ni pamba safi. La tatu limelowa upande wa chini kwa sababu paa la ghala lake linavuja. Hakumwagia maji ili liongeze uzito, ingawa wapo wanaofanya hivyo, na wengine hutia mchanga. Kanuni inasema pamba mbichi isipokelewe. Karani ameshika kalamu.

*Wa kwanza, mshika kanuni mwema,* anapima mawili, anaandika stakabadhi, anamsomea mama kilo zake kwa sauti. La tatu analikataa, lakini anamwonyesha mahali pa kulianika juu ya turubai na kumwambia, "Mama, kesho anza kwangu." Kesho anafika mapema kabla ya foleni.

*Wa pili, mwema tu,* analifungua lile la tatu, anatenga pamba kavu ya juu na kuipima, mbichi anamrudishia. Katiba haisemi hivyo. Haikatazi pia.

*Wa tatu, asiyefungika mwema,* analipima lote, anakata kilo chache kwa kukisia, na kumwambia mama aende zake. Foleni nzima inampenda. Hapa usiharakishe kupiga makofi. Habari inasambaa mpaka vitongoji vya mbali, na wiki inayofuata wanakuja wenye mafurushi mabichi ambayo hayakuguswa na mvua. Pamba mbichi ikikaa ghalani inapata joto na kuharibika rangi. Kiwanda kinaikataa au kinaishusha daraja, na hasara inawarudia wanachama wote, mjane akiwamo. Huruma yake ilikuwa ya kweli. Aliilipia kwa fedha za watu wengine.

*Wa nne, mshika kanuni tu:* "Limelowa. Anayefuata." Hana ubaya wowote moyoni. Angemwambia hivyo hata mama yake mzazi.

*Wa tano* anamtazama mwenyekiti aone atasemaje. *Wa sita* leo anapokea na kesho anakataa, inategemea ameamkaje. Hawa wawili nawapitia haraka kwa sababu hata mizani inawapitia haraka. Hawaharibu sana, lakini usipange msimu juu ya mabega yao.

*Wa saba, mshika kanuni mwovu.* Hapa tukae kidogo. Karani huyu anaijua katiba kuliko aliyeiandika. Anamwambia mama kwa upole kwamba mzigo wenye kasoro hukataliwa wote, na anamwonyesha kifungu. Mama hana punda wa kurudisha mafurushi matatu nyumbani, na giza linaingia. Nje ya uzio amesimama mlanguzi mwenye fedha taslimu, anayanunua yote kwa nusu bei. Saa moja baadaye mafurushi mawili yaleyale yaliyokuwa safi yanapita kwenye mizani kwa jina la mtu mwingine, na karani anayapokea bila neno, maana kweli ni safi. Hakuna karatasi iliyoghushiwa. Hakuna kilo iliyoibwa. Mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo na inasoma sawasawa. Mkimwita kwenye kikao atakuja na faili, na ninyi mtakuja na machozi ya mjane.

*Wa nane, mwovu tu,* anapunja kilo mbili kila furushi siku ambayo hakuna mkaguzi, na anapima kwa haki mkaguzi akiwepo. *Wa tisa, asiyefungika mwovu,* anadai chake waziwazi, anatukana, anatishia kumtoa mtu kwenye foleni.

Kijiji humwogopa wa tisa. Mimi simwogopi sana; kelele zake ndizo zitakazomfukuza kabla msimu haujafika katikati. Wa nane naye hukomeshwa na jicho la mtu: simamisha wakulima wawili kando ya mizani na kilo zinarudi. Wa saba ndiye anayedumu kwenye nafasi yake miaka kumi na kuagwa kwa sherehe.

> ONYO: SOMA HAPA KABLA YA KUENDELEA
>
> Kanda ya Ziwa, Simiyu na Shinyanga zikiwamo, vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi. Alama iliyotumika mara nyingi ilikuwa macho mekundu, ambayo mwanamke huyapata kwa kupikia miaka na miaka kwenye moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Mpiga ramli chonganishi alitaja jina, ukoo ukaamini, panga likafuata. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inahesabu kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa la jinai.
>
> Ndiyo maana safu ya waovu ina masharti yake:
>
> 1. Usiandike kamwe jina la mtu kwenye kisanduku cha 7, 8 au 9 na kumwonyesha mwingine. Kisanduku ni cha tendo ulilolishuhudia au lenye ushahidi.
> 2. Sura, ugonjwa, umaskini, ujane, ugeni na ukimya si ushahidi wa kitu chochote.
> 3. Ukiwa na shaka ya wizi au dhuluma, peleka tendo kwa mtendaji wa kijiji, kamati ya usimamizi au polisi: tarehe, kiasi, aliyekuwepo. Acha neno "mwovu" nyumbani.
> 4. Mtu akikuletea habari za mganga kuhusu jirani, mazungumzo yenu ya visanduku yameishia hapo.

Hatua ya tatu: tafuta matukio ya shinikizo

Siku za kawaida karibu kila mtu huonekana yuko kisanduku cha pili. Tabia hujitokeza mtu anapobanwa. Kabla ya kumpendekeza mtu, tafuta angalau tukio moja la kila aina hii:

1. Alipopata hasara. Mvua imekata, dengu zimekauka, deni liko palepale. Alikuja kikundini kusema ukweli, alijificha, au alimsukumia mdhamini wake?
2. Alipokuwa peke yake. Alirudishiwa chenji iliyozidi dukani Lamadi. Alikuta ng'ombe wa mtu amepotea njiani. Alibaki na daftari wiki nzima bila mtu wa kulikagua.
3. Ndugu yake alipokuwa mkosaji. Hili ndilo zito kuliko yote. Wapo watu walionyooka kama mstari mpaka siku jina la mtoto wa dada yao liliposomwa.

Tukio liwe umeliona mwenyewe, au umelisikia kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. "Wanasema" usiihesabu. Ukikosa tukio la aina ya tatu, usilibuni. Andika "haijulikani" na umpe mtu huyo kazi ambayo ndugu zake hawana maslahi nayo.

Sasa andika namba ya kisanduku kwa penseli mbele ya kila *tendo*. Mtu mmoja anaweza kuwa na 1, 4 na 3. Hilo ni la kawaida, wala hajakuchanganya. Unachokitafuta ni namba gani hujirudia kwenye matendo yanayofanana na kazi unayotaka kumpa.

Hatua ya nne: linganisha na kazi

Hakuna kisanduku kinachofaa kila mahali, ukiacha safu ya waovu ambayo haifai popote.

*Mweka hazina.* Anza na 1. Ukimkosa, chukua 4, kisha kamati imwekee kifungu cha dharura kwenye katiba ili ugonjwa na msiba viwe na njia yake iliyoandikwa. Mshika kanuni tu akipewa kanuni yenye huruma, huitekeleza vizuri tu. Usimpe sanduku mtu wa 3, hata kama ndiye unayempenda kuliko wote. Mpe kamati ya misiba, huko atang'ara.

*Kamanda wa sungusungu.* Hapa 4 hatoshi. Usiku, watu mia wakipiga kelele, kelele hizo hugeuka kuwa ndiyo kanuni, na anayetii tu atatii hizo. Unamtaka mtu aliyewahi kusimama peke yake dhidi ya wenzake kwa ajili ya mtu asiye ndugu yake.

*Nahodha.* Ziwa katika Ghuba ya Speke halisomi katiba, upepo ukigeuka unamtaka mtu anayeamua papo hapo, na watu wa 2 na 3 hufaa. Ila mwulize mapema kuhusu kokoro na nyavu za timba, ambazo zimepigwa marufuku. Akicheka na kusema kila mtu anazitumia, hesabu mtumbwi wako na injini yako kuwa viko njiani kuelekea kukamatwa.

*Manju wa ngoma.* Mwache asifungike. Aliyebanwa na kanuni hawezi kutunga wimbo wa kuwashinda wapinzani mbele ya watu.

Kama kikoba chenu kinatumia sanduku la kufuli tatu, msiwape funguo watu watatu wa aina moja. Wanaofanana huelewana haraka mno. Mpe mmoja mshika kanuni, mwingine anayejulikana kwa kujali watu, na wa tatu yule mbishi anayeuliza maswali kila kikao na kuwachosha wote. Huyo wa tatu mara nyingi hapendwi, na ndiye hasa mnayemhitaji sanduku linapofunguliwa.

Makosa yanayojirudia

- *Kumwita kila anayepinga asiyefungika.* Anayeuliza mapato na matumizi yako wapi huenda ndiye mshika kanuni pekee chumbani. Katika *Kusadikika* ya Shaaban Robert, Karama anashtakiwa kama adui wa nchi, na kosa lake ni kutaka watu wafundishwe uanasheria.
- *Kudhani mkimya ni wa katikati.* Mkimya ni mkimya. Bado hujajua.
- *Kujiweka mwenyewe kisanduku cha kwanza.* Mwombe mwenzi wako au mdogo wako akuweke yeye, kwa tukio. Usibishane naye siku hiyo.
- *Kupima watoto.* Mtoto wa miaka kumi hana mwelekeo. Ana njaa, usingizi na marafiki.
- *Kutofuta.* Aliyelipa deni lake na faini yake amebadilisha ushahidi. Ndiyo sababu ya penseli.

Orodha ya kukagua kabla ya kura

☐ Kazi imetajwa, ni moja.
☐ Kanuni zinazotangulia zimesomwa kwa sauti mkutanoni kabla ya majina.
☐ Kila anayependekezwa ana tendo angalau moja linalotajwa na mtu asiye ndugu yake.
☐ Hakuna aliyetaja uchawi, mganga, sura au ukoo.
☐ Kuna mtu wa pili wa kukagua, hata kama aliyechaguliwa ni wa kisanduku cha kwanza.
☐ Tarehe ya kupima upya imeandikwa kwenye muhtasari.

Jaribuni kwanza kwa mchezo

Vijana hukielewa chombo hiki haraka wakikicheza kabla ya kukitumia. Unahitaji watu wanne hadi saba, karatasi, penseli na dadu moja ya ludo.

1. Chagueni msimulizi. Wengine kila mmoja abuni mhusika: jina la kubuni, kazi, na namba moja ya kisanduku anayoificha.
2. Msimulizi asome hali. Kila mchezaji aseme mhusika wake anafanya nini, kwa kufuata namba yake.
3. Panapokuwa na bahati ndani yake, tupa dadu: 1 na 2 mambo yameharibika, 3 na 4 yamefanikiwa kwa gharama, 5 na 6 yamefanikiwa.
4. Mwisho wa hali, wengine wakisie namba na waseme tendo lililowafanya wakisie hivyo. Kubisha kunaruhusiwa, ndipo utamu ulipo.

Hali tatu za kuanzia:

*Tembo.* Tembo wametoka upande wa Serengeti usiku na kulala ndani ya mtama wa jirani yenu. Afisa wanyamapori hapatikani kwa simu. Kijana mmoja ana sumu. Jirani anajua kifuta jasho kinaweza kuchelewa, na ada ya shule inadaiwa Jumatatu.

*Kokoro.* Mmeikuta kokoro imefichwa kwenye matete. Mwenye nayo ndiye mdhamini wa mkopo wako, na ndiye aliyelipia jeneza la baba yako.

*Mwano.* Mwano umepigwa saa nane usiku, nawe umefika, na aliyeketishwa katikati ya duara ni mtoto wa dada yako. Mbuzi wa watu yupo pale pale. Kamanda anakutazama wewe kwa sababu wewe ndiye katibu na ndiye mwenye kalamu.

Msimulizi ana kanuni moja ya kwake: mchezaji akianza kutaja mtu halisi wa kijijini, hali hiyo inafungwa hapo hapo na inasomwa nyingine.